Chenga za Kamera Tatu

Jumatatu, 5 Januari

Leo nimepokea wageni wanne: kamera tatu na mama mkwe. Wote wameingia kwa mlango mmoja ndani ya saa moja, na nyumba ilikuwa haijafagiliwa.

Kamera zimeletwa na Mwalimu wa fizikia wa chuo cha ualimu, kile cha juu ya barabara yetu. Chuo kina darubini, na sasa kinataka kamera moja ya kuifunga nyuma yake ili wanafunzi wapige picha za nyota. Muuzaji amewaazima tatu mpaka mwisho wa Februari. Kazi yangu ni kuzipima na kuandika ripoti: ipi ina chenga chache.

"Wewe ni fundi," Mwalimu kaniambia. "Unazijua kamera kwa ndani. Mimi nazijua kwa kusoma tu."

Nilifurahi hadi nikasahau kumkaribisha kiti. Tangu simu zianze kupiga picha, watu wanaoniletea kamera nizitengeneze ni wa kuhesabu kwa vidole. Kazi hii ikienda sawa, chuo kitanikabidhi vifaa vyote vya maabara nivitunze.

Mama mkwe amekuja kukaa kwetu msimu wote wa joto, maana paa la nyumba yake linabadilishwa. Alistaafu mwaka jana baada ya kupiga picha za eksirei hospitalini kwa miaka thelathini na mmoja. Mume wangu ni fundi wa majokofu, na leo alfajiri ameondoka kwenda kufunga vyumba vya baridi kwenye kiwanda cha maziwa, safari ya siku nzima. Atakuwa anakuja mara moja moja. Kwa hiyo Mama yake kaniachia mimi nimtunze. Kabla hajavua viatu alishasema mapazia yangu yanapitisha mwanga kupita kiasi.

Jumatano, 7 Januari

Kamera nimezipa majina, nisije nikachanganya kwenye daftari. Mpya kabisa, inayong'aa, iliyokuja na mfuko laini: Bibi Harusi. Ya miaka kumi, nzito kama tofali: Mkongwe. Ya tatu ni ya mkono wa pili na imechubuka kila pembe: Chubuko.

Kipimo chenyewe kinachekesha ukikiona kwa mara ya kwanza. Unafunika lenzi kwa kifuniko chake, unazima taa, unaiacha kamera ipige picha moja kwa dakika tano nzima. Hakuna chembe ya mwanga inayoingia. Picha ingepaswa kuwa nyeusi tii, lakini haiwi. Ukiikuza kwenye kompyuta unakuta chenga, kama zile za televisheni ya zamani iliyokosa mawimbi, na katikati yake nukta nyekundu, za buluu, nyeupe, zinametameta kama anga la kweli. Hazikutoka popote. Kamera imejitungia.

Sasa mtu akipiga picha za nyota kwa kamera hiyo, nyota hafifu zitazama kwenye chenga, na nukta za kujitungia atazipigia makofi.

Natumia stoo kwa sababu haina dirisha. Mama alisimama mlangoni.

"Unapiga picha ya nini humo?"

"Ya giza, Mama."

Kaniangalia kwa macho ya mtu anayejiuliza mwanawe aliokota mke wapi.

Alhamisi, 8 Januari

Saa nane mchana, nyuzi 33 ndani ya stoo. Mkongwe ana nukta 4,100. Nimehesabu kwa programu, si kwa kidole.

Jumatatu, 12 Januari

Nimegombana na Mama. Niandike lilivyokuwa, maana kesho nitajipendelea.

Chenga huzaliwa na joto. Kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha kikipata moto, kinaanza kujisemea chenyewe. Ndiyo maana inabidi nipime kila kamera mara mbili, kwenye joto na kwenye baridi. Kwa mke wa fundi majokofu, baridi si tatizo: friji yetu inakaa nyuzi tano kamili, haipandi haishuki. Nikaiweka Bibi Harusi kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga hewa isiingie, nikauweka karibu na nyanya. Kanuni ni moja tu: ukiitoa kamera kwenye friji, mfuko haufunguliwi mpaka kamera ipate joto la chumba. La sivyo inashika umande, nje na ndani.

Mama alikuwa anatafuta maziwa. Nilipotoka kwenye kibanda changu cha ufundi nilikuta Bibi Harusi juu ya meza ya jikoni, mfuko uko kwenye taka, kamera inatiririka kama mkimbiaji aliyefika mwisho wa mbio. Mama alikuwa anaipangusa kwa taulo la vyombo.

"Mama! Hii si yetu!"

"Na friji si kabati la vitu vya watu. Humu mna nyama."

"Ilikuwa kwenye mfuko!"

"Nimeona kitu cha umeme kwenye baridi, nimekiokoa. Badala ya kunishukuru unanipigia kelele."

Nimeitoa betri, nimeizungushia vile vipakiti vya kunyonya unyevu, nimeifungia kwenye kopo. Chakula cha jioni nimekula kibandani, nikijifanya nina kazi.

Alhamisi, 15 Januari

Bibi Harusi kapona. Mimi na Mama bado.

Jumatatu, 19 Januari

Nyuzi 35. Vipimo vya kwanza vimekamilika, na siamini macho yangu.

Mkongwe kwenye friji: nukta 310. Kwenye joto la leo: 5,600. Chubuko: 90 kwenye friji, 1,450 kwenye joto. Bibi Harusi: nne kwenye friji, na kwenye joto kumi na moja. Kumi na moja! Nimerudia mara tatu. Nikamtumia Mwalimu namba hizo kwa simu, naye kajibu papo hapo: "Nilijua!!!"

Mama ameanza kukaa nami stoo. Hasemi kwa nini. Kaja na kigoda chake, anakaa pembeni huku kamera inapiga dakika zake tano, mikono mapajani, kimya. Nadhani anakumbuka kile chumba chake cha eksirei. Leo, taa zikiwa zimezimwa, kauliza ghafla:

"Nani kawasha flashi?"

"Hakuna flashi, Mama. Lenzi yenyewe imefunikwa."

"Nimeona mwanga umepiga hapa pembeni."

"Labda simu."

"Simu yangu iko jikoni."

Nikaogopa kwamba mlango una ufa na vipimo vyangu vyote vimeharibika. Nimeziba pembe zote kwa kitambaa cheusi, nimerudia kazi ya siku nzima. Namba ni zilezile. Ufa sijauona.

Jumanne, 20 Januari

Mama kanifutia skrini ya kompyuta bila kuombwa. Anasema ina vidoa. Sikuviona.

Ijumaa, 23 Januari

Kaifuta tena. Safari hii kwa mate.

Jumamosi, 24 Januari

Mume wangu kaja, kakaa usiku mmoja.

"Mnaelewana?" kaniuliza tukiwa tunaosha vyombo.

"Sana. Mimi nafunika, yeye anafuta."

Kacheka mpaka sahani ikamponyoka. Kisha kanisimulia kwamba alipokuwa shule, Mama alikuwa akiichukua ripoti yake ya muhula na kuiinua dirishani, kama anavyoinua filamu ya mgonjwa.

"Alikuwa anatafuta nini?"

"Alama zilizofutwa zikaandikwa upya."

"Alizipata?"

"Kila muhula."

Jumanne, 27 Januari

Leo Mama kaongea. Nilikuwa nimezipanga picha tatu za giza kwenye skrini, bega kwa bega, za kamera zote. Kainama, kafumba jicho la kushoto, kaangalia na la kulia. Kakaa hivyo kama dakika mbili.

"Hii," akasema, akionyesha ya Bibi Harusi, "ni safi mno."

"Ndiyo uzuri wake, Mama."

"Hapana. Miaka yangu ya mwisho kazini walituletea mashine mpya. Picha zake laini kama maziwa. Madaktari wakazipenda, kila mtu akazipenda. Mimi nilikuwa naiogopa. Mfupa ukiwa na ufa mwembamba kama unywele, ule ufa nilikuwa siuoni. Mashine ilikuwa inaipiga pasi picha kabla hatujaiona. Mikunjo yote inanyooshwa, ya uongo na ya kweli." Akanyooka. "Uliza kamera yako inapigia wapi pasi."

Tangu aje sijamsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo. Nikaacha kila kitu. Nikaichukua Bibi Harusi, nikaifunika, nikapiga picha ya sekunde moja, ya mbili, ya tatu. Nukta zikawa zinaongezeka, kama inavyopaswa. Sekunde ya nne, zikatoweka. Puu! Kama kuna mtu aliyekaa humo ndani na ufagio, anasubiri sekunde ya nne ifike.

Basi kamera hii haina chenga chache. Inazificha. Sasa nina swali: nyota hafifu kwenye picha nayo ni nukta moja tu, ndogo. Huyo mwenye ufagio anazitofautishaje?

Ijumaa, 30 Januari

Mwalimu kapita jioni. Nilimweleza habari ya ufagio, nikamwonyesha picha za sekunde tatu na za sekunde nne. Kaziangalia haraka haraka. Kisha kakaa, kakunja miguu, kakunjua.

"Nilishamwandikia Mkuu wa chuo," akasema. "Kwa namba zako za ile Jumatatu. Nimemwambia tuchukue ile mpya. Kafurahi, kawatangazia walimu wote."

"Sasa tutafanyaje?"

"Fundi, wewe uliulizwa chenga. Chenga ni chache au si chache?"

"Zinazoonekana ni chache."

"Basi. Hayo ya ufagio ni utafiti mwingine. Si lazima yaingie kwenye ripoti hii."

Nilimheshimu mtu huyu kwa sababu ni mtu wa vipimo. Leo alikuwa mtu ambaye neno lake limeshatangazwa. Alipoondoka nilimfuata Mama uani, alikuwa anaanua nguo na bila shaka alisikia yote.

"Mama, ungekuwa wewe ungesemaje?"

"Mimi sikuwahi kuwa mtu wa kusema," akajibu, akaingia ndani na kapu la nguo.

Jumanne, 3 Februari

Nyuzi 37. Upepo hakuna. Mama alikuwa anampiga nzi kwa gazeti sebuleni. Nzi hakuwepo, au mimi ndiye mzito wa kuona.

Jumamosi, 7 Februari

Nimepata njia ya kumjaribu huyo mwenye ufagio bila kusubiri anga. Nitatengeneza nyota zangu mwenyewe: boksi la viatu, upande mmoja nimebandika karatasi ya foili, ndani nitaweka taa ndogo. Foili nimeitoboa kwa sindano, matundu arobaini, mengine makubwa kidogo, mengi madogo sana hata mwenyewe nayaona kwa shida. Mama alitaka kujua idadi. Nimemficha, nimemwambia atakuwa shahidi wangu, na shahidi haambiwi jibu.

"Sawa," akasema. Nadhani kaipenda.

Jumatatu, 9 Februari

Naandikia kwenye benchi la hospitali ya macho. Mama yuko ndani anawekewa dawa ya pili ya kupanua mboni.

Asubuhi tuliingia stoo saa nne. Boksi nililiweka juu ya rafu upande mmoja, kamera upande wa pili, hatua tano. Nikawasha taa ya ndani, nikazima ya stoo, na lile boksi la viatu likageuka kipande cha mbingu. Hata Mama kaguna.

Kamera zote nilizipigisha sekunde tano. Mkongwe kaona nyota thelathini na saba. Tatu zimezama kwenye chenga zake. Chubuko kaona arobaini zote. Bibi Harusi, ishirini na tisa. Nikapunguza muda hadi sekunde moja na kuongeza mwanga wa taa: arobaini. Nikarudisha sekunde tano: ishirini na tisa. Nyota kumi na moja zimefagiwa pamoja na takataka. Nikaruka pale nilipo, kichwa kikagonga rafu.

"Tulia," Mama akasema. "Sasa zamu ya shahidi."

Akajiziba jicho la kushoto kwa kiganja. Akahesabu polepole, midomo ikicheza. "Arobaini."

"Arobaini kweli!"

"Ngoja. Kila jicho peke yake." Akaziba la kulia. Akahesabu. Akahesabu upya. "Ishirini na sita."

Nikacheka. "Mama, yale mengine umeyaruka."

"Sijayaruka. Huku chini kulia hukutoboa."

"Nimetoboa kote."

Mimi, kwa mazoea tu, nikafanya kile ninachofanya kwa kamera: nikaligeuza boksi, chini ikawa juu. Nukta ikihama pamoja na boksi, iko kwenye boksi. Isipohama, iko kwa anayetazama.

"Sasa?"

Akahesabu tena kuanzia juu. "Bado chini kulia," akasema. "Palepale."

Nikawasha taa. Alikuwa amekaa wima kwenye kigoda chake, kiganja bado kimeziba jicho, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshangaa. Hapo ndipo vyote vikanijia kwa pamoja: flashi ambayo hakuna aliyeiwasha, skrini inayofutwa ilhali haina doa, nzi asiyekuwepo. Wiki tatu mtu amekuwa akiona mambo mbele yangu, na mimi naziba ufa wa mlango.

"Tangu lini, Mama?"

"Vidoa, tangu wiki ya pili nilipofika. Mwanga, ukafuata. Pazia, tangu juzi."

"Pazia gani?"

"Jeusi. Linapanda kutoka chini pembeni. Nilidhani litashuka lenyewe."

Nimeacha kamera zote zikiwa zimewaka. Nimekodi gari, nimempigia mume wangu njiani. Alichosema ni "Nakuja" tu, simu ikakatika.

Kwenye benchi hili, baada ya dawa ya kwanza, macho yake yakiwa yamefumbwa, nilimuuliza kwa nini hakusema. Nilidhani atanikaripia. Akasema hivi, na nanukuu kadiri ninavyokumbuka:

"Miaka thelathini na mmoja nimekuwa wa kwanza kuona. Kabla ya daktari, kabla ya mgonjwa. Na sheria ya kazi ni moja: si wewe wa kusema. Kuna mama mmoja, umri wako, aliniuliza akiwa bado amelala mezani, 'Dada, umeona nini?' Nilikuwa nimeona. Nikamwambia, vaa nguo, msubiri daktari. Daktari alikuwa safarini siku nne. Siku zote nne alikaa pale nje kwenye kiti, na kila nikipita ananisalimia." Akapangusa dawa iliyomchirizika shavuni. "Ukishazoea kumeza, unameza hata cha kwako."

Nilimshika mkono, na hakuutoa.

*Saa kumi jioni.* Daktari wa macho ni mwanamke kijana, anaongea taratibu. Alipiga picha ya ndani ya jicho na kutuonyesha kwenye skrini: duara kubwa la rangi ya machungwa, mishipa imetambaa kama mito kwenye ramani. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo, na niliona aibu kukiona kizuri. Kabla daktari hajainua kalamu yake, Mama kanyoosha kidole.

"Hapa pamechanika," akasema. "Na hapa pameanza kubanduka. Juu, kwa sababu jicho hupokea picha kichwa chini."

Daktari kamgeukia. "Umejuaje?"

"Nimesoma picha za kijivu maisha yangu yote. Hii ina rangi, ni rahisi."

Katikati bado pameshika. Ndipo jicho linaposomea, ndipo linapotambua sura. Operesheni ni kesho asubuhi. Daktari anasema tungengoja wiki, katikati napo pangebanduka.

Jumanne, 10 Februari

Ameingia saa tatu. Ametoka saa tano na nusu. Katikati hapo nimesoma bango la kunawa mikono mara mia. Mume wangu kafika saa sita na viatu vya kiwandani.

Alhamisi, 12 Februari

Tuko nyumbani. Wamemwekea kiputo cha gesi ndani ya jicho kiukandamize ule utando wa nyuma ya jicho uliobanduka, urudi mahali pake. Siku hizi za mwanzo lazima alale kifudifudi. Mume wangu kamtengenezea kiti cha kulaza uso kwa mbao na povu la kuzibia mabomba, na kwa kweli kinafaa kuliko cha hospitali. Kiputo kitapungua chenyewe, daktari kasema, na ataona mstari kama wa maji unashuka siku hadi siku.

Nilidhani atalalamika. Kaomba rula.

Jumapili, 15 Februari

Anaruhusiwa kukaa sasa. Mume wangu karudi kazini. Mama kaniamuru nichore alama kwenye fremu ya mlango, kila sentimita tano, na kila asubuhi anakaa kwenye kiti kilekile na kuniambia mstari umefika wapi. Leo: umefika juu ya kitasa.

Jumatatu, 16 Februari

Kwenye kitasa. "Andika na saa," kanikumbusha.

Jumanne, 17 Februari

Mwalimu kaja kumjulia hali, kaleta machungwa. Alikaa, akauliza maendeleo, kisha akaanza kutazama mlango wa stoo kama mtu aliyesahau kitu humo.

"Hilo boksi lako bado lipo?"

Tuliingia. Sikumwambia idadi hata yeye. Alipiga picha mwenyewe, kwa mkono wake, kwa kamera zote. Akabadilisha taa. Akageuza boksi. Akaweka foili nyingine, akaitoboa upya kwa sindano yake. Saa mbili nzima, shati limemgandia mgongoni kwa joto. Kila mara Bibi Harusi ilipofika sekunde ya nne, nyota zilipungua.

Alitoka akaketi sebuleni. Sikumwona tena yule ambaye neno lake limeshatangazwa. Nilimwona mtu ambaye amehesabu na kuhesabu tena akitumaini amekosea.

"Tena zile chenga za Chubuko tunaweza kuzitoa," nikamwambia. "Nukta zake hukaa mahali pamoja siku zote. Ukipiga picha ya giza, unaitoa kwenye picha ya anga, zinakwenda zake. Lakini nyota iliyokwisha kufagiwa huwezi kuirudisha."

"Naelewa. Ila barua ilishakwenda."

"Andika nyingine," Mama akasema kutoka kwenye kiti chake. Sikujua alikuwa anasikiliza. "Andika leo, baba. Ukiacha mpaka kesho utaona kumbe unaweza kuishi nayo."

Mwalimu aliomba kalamu. Aliandika mezani kwangu, akafuta, akaandika. Akatusomea. Haikuwa na maneno mazuri: nilikosea, fundi amepima, nimerudia mwenyewe, tuchukue ile iliyochubuka.

Ijumaa, 20 Februari

Nimewasilisha ripoti. Kurasa tisa. Jina la Mama liko ukurasa wa kwanza karibu na langu. Alisema si lazima. Nikamwambia mimi ni mtu wa kusema.

Jumatano, 25 Februari

Mstari uko chini kabisa, kiputo kimebaki kama shanga inayocheza akitingisha kichwa. Nimemkuta anatingisha kichwa peke yake jikoni, anatabasamu.

Jumatatu, 2 Machi

Daktari kampima. Utando umeshika. Kwa katikati ya jicho anasoma mstari wa tatu kutoka mwisho wa chati ya herufi. Ile pembe ya chini kulia imebaki na kivuli, na pengine kitabaki. Mama kauliza maswali kumi na moja; daktari kayajibu yote na kuchelewa kwa mgonjwa aliyefuata.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Nyuzi 26. Stoo inavuja.

Jumamosi, 14 Machi

Chuo kimechukua Chubuko, na leo imefungwa kwenye darubini kwa mara ya kwanza. Nimekabidhiwa pia funguo za kabati la maabara, lakini hilo nitaliandika kesho.

Mvua iliacha saa kumi na moja. Saa moja na nusu jioni anga lilikuwa wazi upande mmoja, mawingu yamesogea kando kama watu wanaopisha gari. Wanafunzi kumi na wawili, Mwalimu, mimi, mume wangu aliyemaliza kazi ya kiwanda juzi, na Mama ambaye begi lake liko tayari. Paa lake limekwisha na kesho anarudi kwake.

Kabla ya kufunga kamera, Mwalimu alimwomba Mama atazame kwa jicho kwanza. Akakubali. Akainama, na nikaona ameweka jicho la kushoto, lile bovu. Mume wangu alitaka kumwambia. Nikamvuta shati.

Alikaa pale muda. Mwanafunzi mmoja, msichana mwenye daftari, aliyekuwa akisubiri zamu yake, akauliza:

"Unaona nini, Mama?"

Nilimwona anafumba midomo. Naijua sasa ile namna anavyoifumba. Kisha bila kutoa jicho kwenye darubini akanyoosha mkono, akamshika msichana bega, akamsogeza karibu.

"Njoo nikwambie. Katikati kuna fungu la nyota, nahesabu saba, ya nane sina uhakika nayo, andika kwamba sina uhakika. Moja ina wekundu. Juu kushoto pana ukungu mwepesi, si wingu, haukimbii. Chini kulia mimi sioni kitu, lakini hapo usiniamini, hapo ni jicho langu. Utatazama wewe uniambie kuna nini."

Msichana aliandika kwa kasi. Mama akaendelea, nyota kwa nyota, ipi inang'aa kuliko ipi, ipi imekaa peke yake. Wingu lilipita juu yetu, likafunika upande wote.

"Mama," msichana akasema kwa upole, "limeshafunika."

"Najua," Mama akasema. "Andika. Bado sijamaliza."